Gari Linavyosikika kwa Aliye Ndani

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona aibu kumwambia mtu. Ukimpa mtu sauti ya kitu kilichokwisha ondoka, unamfariji au unamtonesha? Nikijijibu kwamba atafurahi, nawaza pia atalia. Nikiwaza atalia, najiuliza kama kulia huko si ndiyo nafuu yenyewe. Kisha nahamia kwenye hofu ndogo ndogo: kompyuta itagoma, umeme utakatika, ataniona binti mzima asiye na kazi anayemletea mtu mzima michezo. Na chini ya hofu zote hizo ilikaa moja niliyokuwa nikiikwepa. Huenda ile sauti haikuwa ya ajabu hata kidogo. Huenda nilikuwa mtoto tu.

Aliyehusika na swali hilo, bila kujua, alikuwa Shangazi Mwajuma wa Kisarawe, dada mkubwa wa baba yangu. Pikapu yake ilikuwa imechoka kiasi cha kutotengenezeka tena, wakaja wanunuzi wa chuma chakavu wakaikatakata palepale uani, yeye akiangalia. Tangu siku ile alikuwa anakula, anaswali, anaitikia salamu, basi. Baba alikwenda kumtazama, akarudi akasema nyumba ya dada yake imekuwa kimya kama ina mgonjwa. Mimi nilikuwa nyumbani kwetu Tangini, Kibaha, nimemaliza chuo, vyeti vyangu viko kwenye bahasha na bahasha iko juu ya kabati. Siku moja nikitafuta waya wa chaja, nikavuta boksi kutoka chini ya kitanda, nikakutana na usukani wa kuchezea michezo ya kompyuta. Ulinuka mpira mkuukuu, vumbi na jasho la viganja. Nilikaa sakafuni nikiunusa, na kwa muda mrefu sikukumbuka nilichokuwa natafuta.

Usukani ule ulikuwa wa binamu yangu Idrisa, mtoto wa pekee wa Shangazi. Wakati ule, mimi nikiwa mtoto wa shule ya msingi, yeye alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri kwenda chuo, na alikaa kwetu kwa sababu kwao umeme ulikuwa bado haujafika. Nyinyi mliokua enzi za kompyuta za kichogo mtaielewa ile ya kwetu: iliunguruma kama friji, na ukigusa kioo chake nywele za mkono zinasimama. Idrisa alikuwa na mchezo mmoja wa mbio za magari ambao haukuwa kama michezo mingine. Gari halikusamehe. Ukikata kona kwa pupa unapinduka, ukikosea klachi linazima. Na kilichomteka Idrisa zaidi ni kwamba mchezaji aliruhusiwa kutengeneza gari lake mwenyewe na kuliingiza humo, umbo lake, uzito wake, sauti yake. Magari hayo waliyaita modi. Vijana wa nchi za mbali walitengeneza modi za magari ya mashindano. Idrisa alifunga usukani na pedeli zake kwenye meza ya cherehani mbovu ya mama, akaniambia, bila kutabasamu, kwamba anatengeneza modi ya pikapu ya mihogo.

Sababu yake haikuwa mchezo. Miezi ya nyuma Shangazi alikuwa amepinduka. Yeye aliendesha mwenyewe, akitoa mihogo mashambani Kisarawe na kuileta sokoni kwetu, kazi aliyoianza alipofiwa na mumewe, watu wakacheka mpaka wakazoea. Siku ya ajali alikuwa amewapakia akina mama juu ya mihogo, wanakwenda harusini, na kwenye mteremko wa mchanga unaoshuka kwenye daraja dogo, pikapu ikaacha njia ikalala ubavu mtaroni. Kwa rehema za Mungu walitoka na michubuko, na mmoja alivunjika mkono. Gari lilitengenezwa, mkono ukapona. Ila Shangazi hakushika tena usukani. Alikuwa akiifungua pikapu asubuhi, anafuta vumbi, anaifunga.

Baba alimwambia auze. Nakumbuka alivyolisema, kwa upole wa mdogo mtu anayemwamuru dada yake: umri umekwenda, dada, na gari lisilotembea linaliwa na kutu. Shangazi hakubisha, na hapo ndipo Idrisa alipoogopa, maana mama yake ni mtu wa kubisha. Kwake pikapu ile ilikuwa ndiyo mihogo, na mihogo ndiyo nyumba. Ndipo akamwomba mjomba wake, yaani baba yangu, asimlete mnunuzi mpaka shule zifunguliwe. Likizo ile yote basi, ambayo mimi nilipelekwa Kisarawe na yeye akija na kurudi, tuliishi tukijua kitakachotokea ikiwa Shangazi hataendesha.

Alianza na sauti. Aliazima kinasa sauti kwa rafiki yake aliyekuwa akipiga video za harusi, akakivika soksi ili upepo usivume ndani yake, akakifunga karibu na eksozi. Akaniambia nikae mbali na ninyamaze kabisa. "Tunachukua sauti yake," alisema.

Hilo neno lilinikaa. Nilisimama pembeni ya banda la kuku nikimwona anakanyaga mafuta taratibu, kisha kwa nguvu, kisha anaachia, na niliona kwa macho yangu kwamba kitu kinatoka kwenye gari na kuingia kwenye ile soksi. Kwa akili yangu sauti ilikuwa kama maji ya mtungi. Alipomaliza, akazima, na baada ya muda akataka kuliwasha tena, halikuwaka. Likatoa mlio mmoja wa kukwama, basi. Fundi akaitwa, wakazungumza habari za betri, lakini mimi nilikwisha jua. Tumelichukua lote. Jioni ile sikula. Nilimfuata Idrisa nyuma ya nyumba nikamwomba alirudishie hata nusu, kwa sababu Shangazi akijua tumemwachia gari bubu hataendesha kamwe.

Hakunicheka. Alinivalisha hedifoni masikioni, akanisikilizisha pikapu ikiunguruma mle ndani ya soksi, huku fundi naye akiiunganisha betri ya jirani na pikapu ikiwaka uani. Nilizisikia zote mbili kwa pamoja, moja masikioni na moja kifuani. Nilivua hedifoni, nikazivaa, nikavua. Zilikuwa mbili kweli. Sijawahi kushangaa tena namna ile, na nimekaa chuo miaka nikisomeshwa jinsi jambo hilo linavyowezekana.

Modi ya kwanza ilipokuwa tayari, Shangazi aliletwa Kibaha kwa kisingizio cha kumwona mama. Aliketishwa mbele ya meza ya cherehani. Kwenye kioo palikuwa na boneti nyeupe yenye doa la rangi tofauti, barabara nyekundu, na mikorosho miwili mitatu aliyoichora Idrisa kwa shida. Shangazi aliitazama kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mjukuu wa mwenzake. Idrisa akawasha. Injini ikanguruma kwenye spika.

"La nani hili?" Shangazi akauliza.

"La kwako, mama."

"Langu si hili. Hili limekonda."

Alikanyaga mafuta kidogo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kwenye mishale ya dashibodi iliyokuwa ikipanda na kushuka. "Na haya madude yanachezacheza nini? Tangu baba yako akiwa hai hayajawahi kusogea." Akashuka kwenye kiti, akaenda jikoni kumsaidia mama kukuna nazi.

Idrisa alikaa mbele ya kioo akiwa kama aliyepigwa. Alikuwa ameusikiliza ule mlio mamia ya mara, ameulinganisha, ulikuwa uleule. Ni kesho yake, tukiwa tumesimama kando ya barabara kule Visiga tukisubiri kuvuka, malori yanapita, ndipo alipotulia ghafla akaacha kuvuka. Akasema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, kwamba mama yake hajawahi kulisikia gari lake likipita. Sisi ndio tulioachwa nyuma na vumbi lake kila alfajiri, na sisi ndio tulioujua ule mlio wa eksozi. Alichokuwa amekinasa ni pikapu ya watu wa barazani. Ya mwenyewe ilisikikaje, hakuna aliyejua ila mwenyewe.

Na mwenyewe aliendesha kwa masikio. Mishale ya dashibodi ilikuwa imekufa yote, ya mwendo, ya mafuta, ya joto, kama kwa pikapu nyingi za mashamba yetu, na madereva wa magari ya namna hiyo hujifunza kusikiliza. Shangazi hakufungulia redio. Abiria akipiga soga alimwambia nyamaza nilisikie. Alijua gari linaomba gia, alijua limebeba gunia moja zaidi ya yale aliyohesabiwa, alijua mchanga umekuwa mzito kabla magurudumu hayajazama. Sisi tulidhani ni ukali wake tu.

Kwa hiyo ilibidi pikapu inaswe kwa ndani, ikiwa na mzigo, ikiwa njiani. Akatafutwa dereva, jirani aitwaye Kondo, mtu wa malori, mwenye maneno mengi. Wakapakia mihogo. Idrisa akafunga kile kinasa sauti karibu na kichwa cha dereva, akajaribu, akasikiliza, akakunja uso. Kondo alibadilisha gia kama mtu wa lori, kwa kuchelewa, injini ikilia. Haukuwa mwendo wa mama yake. Idrisa alikwenda barazani akamweleza Shangazi shida yake, na sikusikia walichosema, nilimwona tu Shangazi akijifunga khanga kiunoni, anakuja, anafungua mlango wa abiria, anapanda. Alikuwa hajakaa ndani ya gari lile tangu mtaroni. Mimi nilibanwa katikati, nimefumba mdomo kwa nguvu zote, maana pamoja na yote niliyoonyeshwa bado sikuwa na hakika kwamba sauti yangu haitachukuliwa.

"Mama Idrisa," Kondo alisema, "mimi nimeendesha malori mpaka Kongo. Leo nifundishwe kuingiza gia ya pili?"

"Huko Kongo hukuendesha hili. Twende. Bado. Bado, we' mtu, mbona una haraka? Bado. Sasa."

Kondo akaingiza, na gari likapokea bila kushtuka. Nilimwona akimtupia jicho Shangazi, na tangu hapo hakutania tena. Tulikwenda hivyo mpaka kijiji cha pili na kurudi. Bado, bado, sasa. Shangazi alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa juu ya paja langu, na kabla ya kila "sasa" vidole vyake viliminya kidogo, kwa hiyo mimi nilijua kabla ya Kondo. Kwa mara ya kwanza nikasikia nilichokuwa nimekaa juu yake maisha yangu yote: mlio wa injini una chini na juu, mlango wa nyuma wa bodi unagonga kwa kufuatana na mabonde, mihogo inasagana kwa sauti nzito ukipunguza mwendo na nyepesi ukiongeza. Nilikuwa nimepanda gari lile tangu nikiwa mgongoni mwa mama, na sikuwahi kulisikia.

Idrisa alifuta mishale yote kwenye dashibodi ya modi. Akabadilisha sauti. Shangazi alipoketishwa tena, mara hii hukohuko Kisarawe, kompyuta na meza zikiwa zimehamishiwa huko, kwa jenereta ya kuazima iliyotupwa mbali nyuma ya choo ili isivuruge, hakuuliza la nani. Alisema tu, "Eeh." Lakini alipoendesha, akalalamika kwamba gari halina matako. Ndivyo alivyosema, na Idrisa akaandika hivyo hivyo. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akatuonyesha kwa mwili wake mwenyewe: ukishuka na mzigo, kitu cha nyuma kinakusukuma, kinataka kukupita. Kiuno chake kilisogea upande, mabega yakarudi upande mwingine. Mama yangu aliyekuja kututazama alicheka mpaka akaketi. Idrisa hakucheka. Akahamisha uzito nyuma, akamjaribisha, akahamisha tena, siku baada ya siku, likizo ikiisha, na baba akiwa amekwisha mtaja mnunuzi kwa jina.

Tatizo lililobaki ni kwamba kiti kilikuwa kiti. Hakikutikisika. Ndani ya gari la kweli kiuno ndicho kinachokwambia kwamba magurudumu ya nyuma yanaachia, na pale mezani Shangazi alikuwa akipinduka kila mara kwenye mteremko uleule, ambao Idrisa alikuwa ameutengeneza kwa kupima kwa hatua zake. Alipinduka akiwa ametulia, kama mtu aliyetarajia. Nadhani Idrisa alianza kuona kwamba anamfanyia mama yake ubaya. Akarudi kwenye zile sauti za safari ya Kondo akazisikiliza upya, na mle ndani, chini ya injini, chini ya mihogo, akakuta mchanga. Gurudumu likishika mchanga hunong'ona kwa namna moja. Likikaribia kuachia, kabla halijaachia, mnong'ono unapanda, unakuwa kama mchele unaopepetwa. Akaukata ule mnong'ono peke yake akauweka kwenye modi, akaupangia uanze pale hasa panapotangulia kuteleza.

Ilikuwa baada ya alasiri. Shangazi alikuwa ametoka kuswali, ushungi bado kichwani. Aliwasha, akatia gia, akaanza kushuka ule mteremko. Mimi nilikuwa chini, nimejiegemeza kwenye mguu wa meza, siioni hata picha. Nilisikia injini ikishuka, mihogo ikisagana, halafu mchele ukaanza kupepetwa, na mguu wa Shangazi, uliokuwa karibu na uso wangu, ukainuka kwenye mafuta wenyewe. Hakugusa breki. Mchele ukapungua, ukawa mnong'ono, na pikapu ikaendelea kushuka mpaka kwenye daraja ikavuka.

Akasimamisha gari ng'ambo. Nilipoinua kichwa nilimwona anatazama, si kioo, bali spika.

"Hapo," alisema taratibu. "Hapo liliniambia."

Idrisa akauliza lilimwambia nini.

"Siku ile. Walikuwa wanaimba kule nyuma, wanapiga vigelegele. Mimi siruhusu watu waimbe, unanijua. Nikasema ni harusi, waacheni. Nikadhani gari limenigeuka bila kusema." Akafuta uso kwa ncha ya ushungi. "Kumbe lilisema, mwanangu. Sikulisikia."

Mimi, kwa umri wangu, nilielewa vibaya kama kawaida. Niliamini kwamba ile siku ya ajali ilikuwa imehifadhiwa ndani ya kompyuta, na kwamba Idrisa alikuwa ameingia humo akaitoa sauti iliyopotea akamletea mama yake. Niliishi na imani hiyo miaka mingi. Sasa najua ulikuwa mchanga wa siku nyingine kabisa, na gari likiendeshwa na mtu mwingine. Lakini nikijaribu kuisahihisha ile imani ya kitoto sipati mahali pa kuanzia. Maana Shangazi alinyanyuka pale, akaomba ufunguo wa pikapu, akaenda nayo mpaka darajani akiwa peke yake, na sisi tulisimama njiani tukiisikia ikienda, kisha kimya, kisha ikirudi. Mnunuzi aliyetajwa na baba hakuja. Mihogo ilikuja sokoni kwetu kwa miaka mingine mingi.

Haya yote nilikuwa nikiyawaza nimeushika ule usukani. Faili la modi nililikuta kwenye diski ya zamani ya Idrisa, ambaye sasa anafanya kazi mkoa wa mbali. Nilimpigia simu nikamwaga maswali yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndivyo alivyo, kisha akasema nimpelekee mama yake. Nikamwambia labda kwanza niiboreshe, sauti zile ni za zamani, nina programu nzuri zaidi, ningeweza kuondoa mikwaruzo, kuongeza kina. "Ukiisafisha," alisema, "itakuwa ya nani?"

Hata baada ya hapo nilizunguka. Niliisakinisha kwenye kompyuta mpakato yangu lakini sikuifungua, kwa ile hofu ya chini kabisa. Niliandika barua za maombi ya kazi ambazo hazikuwa na haraka. Nilifua mapazia. Kisha asubuhi moja baba alisema anakwenda Kisarawe, na nikajisikia nikimwambia anisubiri. Nilifunga usukani, pedeli, spika na ile kompyuta ndani ya shuka, nikaondoka bila kujaribu kitu chochote, nikijua kwamba nikijaribu kwanza nitapata sababu ya kubaki.

Shangazi alikuwa barazani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mama. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yao. Akaniuliza nimeleta nini kwenye shuka. Sikumjibu, nilijua nikianza kueleza nitaeleza mpaka jua lizame. Niliburuta meza ndogo mpaka mbele yake, nikafunga usukani, nikapanga pedeli miguuni pake. Nikaunganisha spika. Baba alisimama mlangoni akaniangalia kama anayetaka kunizuia, asinizuie.

Nikawasha.

Injini ikashika, ikatulia, na bodi ikaanza kugongagonga kwa mbali. Shangazi aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo, mikono mapajani, uso siuoni, na mimi nikaanza: nimemuumiza, nizime, nisizime, ningesema kwanza, ningeuliza. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye spika alipoinua mikono akaiweka kwenye usukani, akakanyaga klachi, akatafuta gia ya kwanza bila kuangalia. Kisha akasubiri. Injini ikaendelea kuunguruma na yeye haondoi gari.

"Panda basi," akasema, bila kunigeukia. "Unasubiri nini?"

Nikavuta kigoda mpaka ubavuni pake, upande wa abiria, nikakaa.